Wasomaji Wanauliza: Vani, Baiskeli Mbili na Majani Yaliyolowa

Barua nyingi za toleo hili zimetoka kwa watu wanaosafiri wawili wawili: mume na mke, wachumba, ndugu, marafiki waliopakia baiskeli za milimani kwenye vani na kuondoka wakati majani ya miti yanageuka rangi na kupukutika. Ni majira mazuri. Vumbi limetulia, njia hazina msongamano, na kupanda mlima hakuchomi kama kiangazi. Karibu kila barua inalalamikia baridi. Tukizisoma kwa makini, tunaona baridi inasingiziwa. Maji ndiyo yanayowaharibia safari: yako kwenye godoro, kwenye breki, kwenye mnyororo na chini ya magurudumu. Ndiyo maana majibu yetu yanarudi kwenye unyevu mara kwa mara.

SWALI: Ndugu wahariri, mimi na mume wangu tunalala kwenye vani tuliyoitengeneza wenyewe. Kila asubuhi vioo vinatiririka maji, na upande wa chini wa godoro umeanza madoa meusi. Tumeweka hita ndogo ya gesi ya kusimama sakafuni, lakini hali imezidi kuwa mbaya. Tufanyeje?

JIBU: Dada, hita hiyo ndiyo inayowaletea maji. Kilo moja ya gesi ya propeni ikiungua hutoa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji kwa njia ya mvuke, na hita isiyo na bomba la kutolea moshi nje inauacha mvuke wote humo humo mnamolala. Juu yake kuna pumzi na jasho la watu wawili, nusu lita au zaidi kwa usiku mmoja, na nguo za baiskeli zilizotundikwa mlangoni. Mvuke huo lazima utue mahali, nao hutafuta palipo baridi zaidi: kioo, bati tupu la gari, na upande wa chini wa godoro.

Hilo la maji ni dogo. Hita ya aina hiyo hula oksijeni mnayovuta na inaweza kutoa kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu. Itoeni leo. Hata mkishaitoa, wekeni king'ora cha kaboni monoksidi karibu na kitanda, kwa kimo cha kichwa cha mtu aliyelala, na mkijaribu kwa kubonyeza kitufe chake kabla ya kila safari.

Hita inayofaa ni ile inayovuta hewa ya kuunguzia kutoka nje na kutoa moshi nje, ndani ikapuliza hewa kavu tu. Hita ya dizeli ya kilowati 2 inatosha vani ya kawaida, nayo hunywa kati ya lita 0.1 na 0.25 kwa saa kutegemea mnavyoiwasha. Ina mambo mawili yanayowaponyoka wengi. Kwanza, ikikaa usiku kucha kwenye moto mdogo hujaza masizi, hasa milimani ambako hewa ni nyepesi. Kabla ya kuizima, iacheni iende kwa nguvu zote kwa dakika 15. Pili, bomba lake la moshi liko chini ya gari na hupata moto mkali. Mkipaki juu ya lundo la majani makavu, mmeegesha bomba la moto juu ya kuni. Fagieni kwanza.

Kuwasha hita bila kufungua tundu la hewa ni kazi bure. Hewa ya moto inabeba mvuke mwingi, lakini isipotoka nje itautua tena gari likipoa. Fungueni tundu la paa kiasi cha vidole viwili, na dirisha moja la chini upande wa pili, ili hewa iingie chini na kutokea juu. Mtahisi kama mnapoteza joto, na kweli mnapoteza kidogo. Lipeni gharama hiyo.

Godoro lisikae juu ya ubao mzima. Wekeni mbao zenye nafasi kati yake, na chini pawe na uwazi wa sentimita 3 hadi 5 hewa ipite, kisha kila asubuhi lisimamisheni wakati mnachemsha chai. Pazia za kuzuia baridi zikifungwa nje ya kioo hukiacha na joto. Zikifungwa ndani, kioo hupoa zaidi na maji hujikusanya nyuma yake, kwa hiyo asubuhi mnapozitoa kausheni kioo kwa kitambaa na kukikamulia nje, si kwenye sinki. Madoa meusi mliyonayo ni kuvu. Futeni, anikeni godoro juani siku nzima, na likiendelea kunuka mlibadilishe.

SWALI: Jiko letu la mtungi mdogo linawaka vizuri mchana, lakini asubuhi moto unakuwa hafifu kama mshumaa ingawa gesi bado imo. Mtungi ni mbovu?

JIBU: Mtungi ni mzima, gesi ndiyo haifai kwa majira haya. Butani huacha kugeuka mvuke joto likikaribia nyuzi 0 za Selsiasi, na mtungi unaotumika hujipoza wenyewe, kwa hiyo matatizo huanza hata kwenye nyuzi 5. Propeni hugeuka mvuke hadi nyuzi 42 chini ya sifuri. Tumieni propeni, au mchanganyiko wenye propeni nyingi. Msiweke mtungi juu ya hita ili kuupasha. Na kwa kuwa gesi hizi ni nzito kuliko hewa, hakikisheni tundu la sakafuni kwenye kabati la mtungi halijazibwa na majani au tope.

SWALI: Vani yetu inaruhusiwa uzito wa mwisho wa kilo 3,500. Baiskeli mbili tuziweke ndani chini ya kitanda, au tununue keria ya nyuma? Mwenzangu anasema ndani patajaa tope.

JIBU: Kuhusu tope mwenzako amesema kweli, lakini kama nafasi ipo bado tunapendelea ndani. Baiskeli iliyo nyuma ya gari kwenye barabara yenye mvua hupigwa kwa saa nzima na maji machafu yanayorushwa na magurudumu, kwa kasi ambayo hamtaifikia kamwe mkiwa mnaendesha wenyewe. Maji hayo huingia kwenye beringi na ndani ya mnyororo. Barabara ikishaanza kumwagiwa chumvi ya kuyeyusha barafu, hapo ndipo boliti zinapoota kutu kwa wiki moja. Kuna na wizi, ambao hauhitaji maelezo.

Uzito nao haukai pale mnapodhani. Chukulieni keria na baiskeli zina jumla ya kilo 60, na katikati yake ni mita 1.6 nyuma ya ekseli ya nyuma, kwenye gari ambalo ekseli zake zimeachana kwa mita 4. Ekseli ya nyuma haiongezewi kilo 60. Inaongezewa 84, na ya mbele inapunguziwa 24. Kama gari linavutwa na magurudumu ya mbele, hizo 24 ndizo zinazowakwamisha kwenye nyasi. Kabla ya kununua chochote, lipelekeni gari kwenye mizani likiwa limejaa kama mnavyosafiri: maji, mafuta, chakula, ninyi wawili. Pimeni kila ekseli peke yake. Lita 100 za maji ni kilo 100, na watu wengi hugundua hapo kwamba wamebakiwa na nafasi ndogo ajabu.

Kwa ndani, toeni gurudumu la mbele na mfunge uma (sehemu inayoshika gurudumu la mbele) kwenye kishikio kilichokazwa sakafuni. Hakikisheni kishikio kinalingana na ekseli yenu: baiskeli nyingi za milimani za sasa zina ekseli ya mm 15 kwa 110, za zamani kidogo ni mm 15 kwa 100. Kiti kikishushwa, baiskeli ya magurudumu ya inchi 29 huhitaji kimo cha sentimita 90 hadi 100 hivi, lakini fremu hutofautiana, kwa hiyo pimeni yenu kabla ya kukata mbao za kitanda. Moja itazame mbele na nyingine nyuma ili usukani usigongane. Gurudumu likishatoka, chomekeni kipande cha plastiki kati ya pedi za breki. Mtu akigusa mkono wa breki bila diski kuwepo, pistoni hujifunga, na mtapoteza nusu saa ya mwanga mkizirudisha. Sakafuni wekeni sinia la plastiki au la bati lenye ukingo wa sentimita 3. Tope likishadondoka humo, hoja ya mwenzako imekwisha.

Mkilazimika kuweka nje, keria ya mpira wa kuvutia trela (tufe la chuma lililo nyuma ya gari) ni bora kuliko ya kuning'inia mlangoni. Someni uzito unaoruhusiwa kwenye mpira huo, ambao mara nyingi ni kilo 75 hadi 100, na mkumbuke keria yenyewe imo katika hesabu. Baiskeli za umeme ziondolewe betri kwanza. Angalieni bomba la moshi la gari linapopulizia, kwa sababu tairi na rimu zilizo mbele yake huungua. Namba za gari na taa zikifichika, lazima ziwepo nyingine kwenye keria. Mkishatembea kilomita 20 hivi, simameni mkaze mikanda tena. Yote hulegea mara ya kwanza.

SWALI: Tuna baiskeli mbili za umeme, kila moja na betri ya Wh 625 (wati-saa). Betri ya vani ni lithiamu ya Ah 100 (ampea-saa), na paa lina sola ya wati 200. Kiangazi ilitosha. Sasa kila siku ya tatu tunabaki gizani.

JIBU: Hesabu yenu haikai sawa. Betri mbili zilizoisha kabisa zinahitaji Wh 1,250, na inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani) pamoja na chaja hula asilimia 15 hadi 20 njiani, kwa hiyo mnatoa karibu Wh 1,500. Betri ya vani ya Ah 100 ina Wh 1,280 ikiwa imejaa. Kiangazi sola ilifidia pengo. Mwishoni mwa Oktoba, katika latitudo ya nyuzi 45 hivi, paneli iliyolala juu ya paa hupata karibu theluthi moja ya ilichopata katikati ya kiangazi, na chini ya mti haipati kitu.

Chajini baiskeli gari likiwa safarini. Chaja ya baiskeli ya ampea 4 huvuta wati 170 hivi kwenye betri. Mkiwa na kifaa cha ampea 30 kinachochaji betri ya vani kutoka kwenye jenereta ya injini, mnaingiza karibu wati 400, kwa hiyo chaja mbili zinaweza kwenda pamoja bila kuila betri ya vani. Saa mbili za barabarani zitawarudishia karibu nusu ya betri zote mbili. Kama hamhami kila siku, ongezeni betri ya pili ya vani au mtafute kambi yenye umeme kila usiku wa tatu. Kuongeza sola kwa majira haya hatukushauri. Fedha ni nyingi, faida haba.

Jambo moja la kuzingatia sana: betri ya lithiamu isichajiwe ikiwa chini ya nyuzi 0, iwe ya baiskeli au ya vani. Ingieni nazo ndani usiku, na asubuhi zitoke zikiwa na joto la chumba. Betri baridi huisha mapema njiani pia.

SWALI: Kaka zangu, naendesha baiskeli yenye matairi ya inchi 29 kwa 2.4 yasiyo na tyubu. Nina kilo 78, mke wangu kilo 60, na tunajaza upepo sawa, psi 26 mbele na nyuma. Kwenye mizizi na majani yaliyolowa tunateleza wote. Tununue matairi mapya?

JIBU: Geji kwanza, matairi baadaye. Geji za pampu kubwa zinazosoma hadi psi 160 hazina usahihi huku chini, na hapa psi 2 zinabadilisha kila kitu. Pateni geji ndogo ya kidijitali. Kisha acheni kujaza sawa. Wewe anza na 21 mbele na 24 nyuma. Mkeo aanze na 18 mbele na 20 nyuma. Nyuma hubeba uzito mwingi na hupigwa mawe. Mbele ndiko kunakotakiwa kushika ardhi. Mkisikia rimu inagonga jiwe, ongezeni psi 1 hadi 2 upande huo. Tairi likijipinda kwenye kona ya ardhi ngumu, hivyo hivyo.

Hesabu ya baridi ndiyo isiyowajia watu. Ukijaza psi 22 ndani ya vani yenye nyuzi 20, kisha ukatoka nje kwenye nyuzi 3, unaendesha kwenye psi 20. Hakuna tundu, hewa imesinyaa tu. Pimeni nje, baiskeli zikiwa zimekaa nje angalau robo saa. Uma na shokapu za hewa hulegea kwa sababu hiyo hiyo, huku oili iliyomo ikiwa nzito zaidi kwa baridi. Kwa hiyo uma unabonyea kirahisi, unarudi polepole, na unakuwa mgumu kwenye mizizi inayofuatana. Rudisheni hewa iliyopungua na mfungue kirekebishi cha mrudio, kitufe kinachoamua uma urudi kwa kasi gani, kwa mbofyo mmoja au miwili.

Kama kuna fedha ya tairi moja tu, nunueni la mbele lenye mpira laini na meno marefu yaliyoachana, maana meno yaliyosongamana hujaa tope na majani mpaka tairi linakuwa laini kama ndizi. La nyuma linaweza kuteleza na mtu akabaki juu ya baiskeli. La mbele likiteleza, yuko chini kabla hajajua.

Baada ya hapo ni mtindo wa kuendesha. Majani makavu yaliyoanguka leo yanaficha mawe na mashimo. Majani yaliyolowa kwa wiki na kukanyagwa yamekuwa utelezi mtupu juu ya udongo. Ya kwanza yanahitaji macho, kwa hiyo mshuko wa kwanza wa siku uwe wa polepole. Ya pili yanahitaji breki mapema: punguzeni mwendo kabla ya kufika, kisha achieni breki mkipita juu yake. Mzizi uvukeni kwa pembe mraba, magurudumu yakiwa wima, breki zimeachiwa, na mwili mwepesi kwa nusu sekunde hiyo. Mzizi uliolala sambamba na njia ni bora kuurukia kabisa au kushuka. Madaraja ya mbao yenye ukungu wa kijani yana kanuni moja tu: usigeuze usukani, usiguse breki.

Na tikiseni magurudumu msikilize kama dawa ya kuziba pancha bado inachezacheza ndani. Hukauka baada ya miezi kadhaa, na tairi la ukubwa wenu linataka mililita 100 hadi 120. Miiba na mawe makali yote sasa yamejificha chini ya majani.

SWALI: Nilifunga pedi mpya za breki asubuhi, mvua ikanyesha siku nzima, jioni zimebaki chuma kwa chuma. Nimeuziwa bandia?

JIBU: Huenda si bandia. Pedi za resini kwenye mchanga uliolowa husagwa kama chaki, na zile ambazo hazijazoeshwa kwenye diski huisha haraka zaidi. Pedi mpya inatakiwa kuzoeshwa pakiwa pakavu: endesha kwa mwendo wa wastani, funga breki taratibu hadi mwendo wa mtu anayetembea, bila gurudumu kusimama, achia, rudia mara 20 hivi kwa kila breki. Kwa majira haya funga pedi za chembe za chuma zilizoshikanishwa kwa joto. Zinapiga kelele zikilowa na zinapeleka joto zaidi kwenye oili, lakini zinadumu. Kabla ya hapo soma maandishi kwenye diski yako. Baadhi ya diski zinakubali resini pekee.

Pedi pamoja na bati lake zikifika chini ya mm 3, zibadilishe. Diski nazo huisha: nyingi za Shimano zina mm 1.8 zikiwa mpya na hutupwa zikifika 1.5. Kwa kuwa mko wawili, mkinunua baiskeli siku nyingine hakikisheni breki ni za aina moja. Hapo pedi seti mbili za akiba zinawatosha wote, badala ya kubeba maduka mawili. Mantiki hiyo iende hadi kwenye kiungo cha mnyororo. Kibanio kinachoshika gia ya nyuma kwenye fremu ndicho kisichobadilishana kirahisi, kwa hiyo kila mmoja abebe chake. Kikipinda na hakuna kingine, safari imeisha.

SWALI: Tunawezaje kuosha baiskeli mbili bila kumaliza maji ya kunywa?

JIBU: Lita 5 zinatosha zote mbili. Tumieni bomba la kupulizia dawa za shambani la lita 5, jipya, ambalo halijawahi kuguswa na dawa. Presha yake ni ndogo, na hiyo ndiyo sifa yake: mashine za maji ya nguvu husukuma tope na maji kupita sili za beringi. Lowesheni kila baiskeli kwa lita moja, subirini dakika 5 tope lilainike, sugueni kwa brashi laini kutoka juu kwenda chini, na brashi ngumu iwe ya mnyororo na gia tu. Ikigusa mnyororo, isiguse diski tena. Suuzeni kwa lita moja na nusu.

Jioni mkiwa mmechoka, acheni fremu. Tope kwenye fremu halina haraka, mnyororo una haraka. Ufuteni kwa kitambaa hadi ukauke, tieni oili ya hali ya mvua tone moja kwa kila pingili, zungusheni kanyagio kinyumenyume mara 20, ngojeni dakika 10, kisha futeni oili yote iliyobaki nje. Oili inayoonekana kwa macho inakamata mchanga. Kwa gia 11 au 12, mnyororo ukivutika kwa asilimia 0.5 kwenye geji, ubadilisheni kabla haujala sproketi (meno ya gia). Oshieni mahali pale pale mlipoendesha, mbali na kijito: tope la matairi husafirisha mbegu na magonjwa ya miti kutoka msitu mmoja hadi mwingine.

SWALI: Ndugu wahariri, mke wangu ameanza baiskeli mwaka huu, mimi nina miaka mingi. Namngoja kila njia panda, lakini kila jioni amenuna. Nakosea wapi?

JIBU: Unangoja, halafu? Kama wengi, akifika tu unapanda baiskeli. Wewe umepumzika dakika 5 mara kumi, yeye hajapumzika hata mara moja, na anaanza kila mshuko mikono ikimtetemeka. Akifika, saa ya mapumziko ianze upya kutoka hapo, na anayesema twende awe yeye. Vaa koti wakati unangoja ili usianze kumharakisha kwa sababu ya ubaridi wako mwenyewe.

Kabla ya kuzungumzia moyo wake, kagua baiskeli yake. Mara nyingi shokapu imejazwa na mtu wa kilo 80, kwa hiyo chini ya kilo 60 haibonyei na inamtupa kila jiwe. Akisimama juu ya kanyagio amevaa vifaa vyote, shokapu ya nyuma ibonyee asilimia 25 hadi 30 ya urefu wake wa mwendo, uma asilimia 15 hadi 20. Sogeza mikono ya breki karibu na vidole vyake, afikie kwa kidole kimoja bila kunyoosha. Mengi yanayoitwa woga huishia hapo.

Mlimani yeye atangulie, mwendo uwe wake. Kwenye mshuko usiojulikana tangulia wewe, simama kila baada ya mita mia chache, na funga mdomo: maelekezo yanayopigiwa kelele kutoka nyuma hayajawahi kumsaidia mtu kukata kona. Chagueni mizunguko inayopita karibu na vani, aweze kurudi wewe ukaongeza mzunguko wa pili. Kila mmoja awe na ufunguo wake wa gari na ramani iliyopakuliwa kwenye simu yake. Kumfanya mtu asubiri kwenye mvua nje ya mlango uliofungwa ni kosa la kupanga ambalo hakuna ua litakalolifuta.

SWALI: Tulipaki jioni kwenye nyasi nzuri, asubuhi gari halikutoka. Linavutwa na magurudumu ya mbele.

JIBU: Kitanda, baiskeli na maji vyote viko nyuma, kwa hiyo mbele ni pepesi. Pakini mahali ambapo njia ya kutokea inateremka. Kama lazima kupanda, pandeni kwa kurudi nyuma, maana hapo uzito unaegemea magurudumu yanayovuta. Likishakwama, msizungushe magurudumu. Kila mzunguko ni shimo. Punguzeni upepo wa matairi ya mbele, zimeni mfumo wa kuzuia kuteleza, wekeni mbao za kukwamulia mbele ya magurudumu yanayovuta na mtoke kwa gia ya pili, mguu mwepesi. Asisimame mtu nyuma wala mbele ya mbao hizo; huruka. Jazeni upepo kabla ya kurudi lami.

Chini ya bonde msilale. Hewa baridi hushuka na kutuama huko pamoja na ukungu. Mita chache juu ya mteremko ni kukavu na kuna joto zaidi. Chini ya miti pia hapana: matone, matawi, na majani yanayoziba mifereji ya maji iliyo chini ya kioo cha mbele. Ikiziba, maji huingia miguuni mwa dereva. Ichokoeni kila mkipaki.

SWALI: Saa ngapi tugeuze kurudi?

JIBU: Hesabuni kurudi nyuma kutoka kuzama kwa jua, na mtoe saa moja nzima kama mko msituni au kwenye bonde, kwa sababu giza huko huwahi. Theluthi mbili za muda uliopo zikiisha, geuzeni. Saa ya jana msiitegemee: karibu na ikwinoksi ya Septemba, usiku na mchana vinapolingana, katika latitudo 45, siku hupungua kwa dakika 3 hivi kila siku, zaidi ya dakika 20 kwa wiki. Katika nchi nyingi za Ulaya saa hurudishwa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba, Marekani Jumapili ya kwanza ya Novemba, na jioni ya siku hiyo ndiyo inayowakuta wengi mlimani bila tochi.

Kila mmoja awe na tochi hata mkitoka asubuhi. Mkikusudia kuendesha usiku, wekeni ya usukani ya lumeni 1,000 au zaidi, ikimulika mita 10 hadi 15 mbele, na nyepesi ya kofia inayofuata macho kwenye kona. Mahali penye msimu wa uwindaji vaeni rangi ya chungwa inayong'aa, na epukeni misitu alfajiri na magharibi. Mkisimama kuzungumza, zimeni ya kofia kwanza. Mwenzako uliyemmulika usoni atahitaji dakika kadhaa kabla ya kuona njia tena.